Asali inayoua vijidudu ni ile ambayo haijaonja moto

Asali inaua bakteria. Naanza hapo moja kwa moja kwasababu kila nikigusa haya mambo huku Arua, West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, naona watu wamegawanyika pande mbili, kuna wale wanaoamini asali inatibu kila kitu kuanzia kikohozi mpaka kisukari, na kuna wale waliosoma kidogo wanaona ni mambo ya wazee wa kijijini tu hamna kitu pale. Pande zote mbili zinabishana juu ya asali kama vile asali ni moja. Sio moja. Kuna asali inayoua vijidudu na kuna asali iliyobaki utamu tu, zote zimetoka kwa nyuki walewale, pengine hata kwenye mzinga uleule, na tofauti yake ni kile kilichofanyika kati ya mzinga na chupa.

Historia niipitie haraka. Wamisri wa kale waliandika kuhusu kuweka asali kwenye vidonda, yale maandishi ya mafunjo yanayoitwa Edwin Smith yana miaka kama 3600 na ndani yake kuna majeraha yanayofungwa kwa asali, mafuta na nyuzi za kitambaa. Sisi Waislamu tuna Sura ya An-Nahl, ya nyuki wenyewe, inayosema kwenye kile kinywaji kinachotoka matumboni mwao mna ponya kwa watu. Ndugu zetu Wakristo wana Mithali 24, mwanangu ule asali maana ni njema. Bibi yangu pale Bombo hakuwahi kusikia habari za mafunjo lakini chupa yake ya asali haikukaa na sukari na majani ya chai, ilikaa kwenye sanduku lake pamoja na mkasi, uzi na vitambaa safi, yaani kwake ile ilikuwa kitu cha kidonda kwanza, kula baadaye. Kwahiyo kwamba asali inasaidia kidonda sio habari mpya kabisa. Kilichokuja juzijuzi ni kujua inafanyaje, na ukishaelewa inafanyaje unaelewa pia inaharibikaje, na hiyo ya pili ndo imenifanya nikae niandike.

Kitu cha kwanza ni sukari yenyewe. Asali iliyoiva kwenye sega ina sukari karibu asilimia 80, maji ni kama 17 au 18 tu, na hizo sukari zinayashika yale maji machache kwa nguvu kiasi kwamba bakteria akiangukia humo hapati hata tone, badala yake asali inamnyonya yeye maji yaliyo ndani mwake mpaka anasinyaa na kushindwa kuzaana. Ni kazi ileile wanayoifanya wavuvi wa Panyimur kule Ziwa Albert wakimpaka samaki chumvi, anafika hapa sokoni baada ya siku nyingi na hajaoza. Hata sukari ya dukani inaweza kufanya hivyo, kuna Mzimbabwe mmoja anaitwa Moses Murandu, mtu wa uuguzi aliyekwenda kufundisha chuo kikuu cha Wolverhampton kule Uingereza, yeye utotoni kwao kijijini vidonda viliwekwa chumvi na pesa ikiwepo sukari, akakua akalibeba hilo jambo mpaka hospitali za Uingereza akalifanyia utafiti na akaonyesha kwamba sukari inasaidia kweli kusafisha kidonda. Namtaja kwa makusudi kwasababu huyu ni Mwafrika aliyekataa kuona aibu na kitu alichokiona kwa baba yake.

Lakini sukari peke yake ina kikomo. Kidonda kinatoa maji, na yale maji yakichanganyika na sukari basi nguvu yake inashuka haraka sana, unabaki na uji mtamu ambao bakteria wengine wanaupenda. Asali ikichanganyika na maji ya kidonda inafanya kinyume, ndo inaamka.

Kabla ya kufika hapo niseme neno la ukali wake. Asali ni kali, ina asidi, ulimi wako hauioni kwasababu utamu unaifunika. Ukiipima pH unakuta kati ya 3.2 na 4.5 hivi wakati bakteria wengi wanaotusumbua kwenye vidonda wanapenda karibu na 7, kwahiyo mazingira yenyewe tayari yanawabana.

Sasa turudi kwenye kuamka. Nyuki mfanyakazi akirudi na nekta kutoka kwenye maua haimwagi tu kwenye sega, anaitia vitu vinavyotoka kwenye tezi zilizo kichwani mwake, na kimoja wapo ni kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidesi. Kazi ya hiki kimeng'enya ni kuchukua glukosi ya asali na kuigeuza kuwa asidi ya glukoniki, ndo hiyo inayoleta sehemu kubwa ya ule ukali, na wakati huohuo kinatoa haidrojeni peroksaidi. Haidrojeni peroksaidi ni ile dawa ya majimaji wanayokumiminia kwenye kidonda inatoa povu na wewe unauma meno. Nyuki anaitengeneza bila kiwanda, ili nekta yake isioze kabla haijakauka na kuiva.

Asali ikishaiva maji yakapungua kile kimeng'enya kinalala, hakifanyi kazi karibu yoyote, kinakaa tu humo miezi na miezi kikisubiri. Ukiipaka kwenye kidonda, maji ya kidonda yanaingia kwenye asali, ukali unapungua kidogo, na kimeng'enya kinaanza kazi upya, kinatoa peroksaidi kidogokidogo kwa masaa mengi. Na ni kidogo kweli, kiasi kinachotoka kwenye asali ni kama mara elfu moja chini ya ile ya asilimia 3 iliyo kwenye chupa ya duka la dawa. Hapo ndo pananifurahisha mimi kuliko pote, maana ile ya chupa inaua bakteria lakini inaunguza na nyama changa inayojaribu kuota, alafu inaisha nguvu kwa dakika chache, ya asali inakuja taratibu, inatosha kwa bakteria na nyama haiumizwi.

Wazungu walichukua muda mrefu kuligundua hili. Mholanzi van Ketel aliripoti mwaka 1892 kwamba asali inazuia bakteria. Mwaka 1937 Mjerumani anaitwa Dold akasema kuna kitu ndani ya asali kinachozuia na akakipa jina inhibini bila kujua ni kitu gani, kilichojulikana ni kwamba joto linakiua na mwanga unakiua. Ni mpaka miaka ya 60 mwanzoni ndo Mmarekani Jonathan White na wenzake walipoonyesha kwamba hiyo inhibini sio kingine, ni peroksaidi inayotoka kwenye kile kimeng'enya cha nyuki. Shika hapo penye joto na mwanga, tunaenda Yumbe.

Mjomba wangu anafuga nyuki Yumbe. Zamani alikuwa na mizinga ya magogo tu juu ya miti, sasa ana michache ya mbao ile ya kuweka vijiti juu ambayo mashirika yalikuja kufundisha, lakini majirani zake wengi bado wanarina kwa namna ya zamani, usiku, na mwenge wa nyasi unaowaka, maana nyuki wetu wa Afrika sio wa mchezo. Moto ukiingia kwenye mzinga nyuki wengi wanaungua, masega yanayeyuka upande mmoja, asali inashika moshi mpaka inanuka. Alafu inakamuliwa yote pamoja, sega lililoiva na ambalo halijaiva, chavua humo, majana humo, na asubuhi inaenda kwenye sufuria juu ya mafiga. Inachemshwa mpaka nta ipande juu, inachujwa, inamwagwa kwenye jerikeni. Ile asali nyeusi yenye harufu ya moshi ambayo wengi wetu tumekua tukiamini ndo asali halisi, hiyo imepikwa.

Nilimuuliza, Mjomba kwanini mnaipika?

"Wateja mwanangu. Nikiwapelekea ile isiyopikwa ikikaa kidogo inaganda, inakuwa nyeupe chini, wananirudishia wanasema Mzee umetuwekea sukari. Ya kupikwa haigandi haraka, inakaa inang'aa kwenye chupa, wanafurahi."

Hebu fikiria hilo. Sisi wanunuzi ndo tunaomlipa mtu aue dawa iliyo ndani ya asali yake ili tuione inang'aa. Na kuganda kwa asali hakuna uhusiano wowote na kudanganywa, asali ina aina mbili kubwa za sukari, fruktosi na glukosi, na ile glukosi haipendi kukaa imeyeyuka, basi inajitenga inafanya chembechembe. Nekta ya maua yenye glukosi nyingi inatoa asali inayoganda wiki chache tu, nyingine inakaa mwaka mzima bila kuganda, kila mti na tabia yake, na baridi nayo inaharakisha. Iliyoganda ni asali kamili. Ukiitaka iwe majimaji weka chupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia bila shida, subiri, itarudi taratibu. Ndani ya mzinga kwenyewe nyuki wanaweka joto kama digrii 34 au 35, kwahiyo vuguvugu la namna hiyo haliogopeshi, inayoumiza ni ile sufuria inayotoa mapovu.

Na mwanga pia. Chupa za maji ya kunywa zilizojazwa asali zimepangwa juu ya meza kando ya barabara tangu asubuhi mpaka jioni, jua la kaskazini unalijua, siku baada ya siku, ile asali hata kama haikupikwa nyumbani inapikiwa barabarani, na ile plastiki inayoangaza inaingiza mwanga wote ambao kimeng'enya hakiutaki.

Kabla sijaendelea niongelee vile vipimo vya sokoni maana najua vinakuja. Njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali ikiwaka ni halisi. Tone kwenye glasi ya maji lisipoyeyuka ni halisi. Sisimizi wakiikimbia ni halisi. Hamna hata kimoja cha kutegemea. Njiti na maji vinakuambia kama asali ni nzito au nyepesi tu, na sukari iliyochemshwa vizuri ikawa nzito inapita vyote viwili. Sisimizi wanakula asali halisi kabisa, muulize mfugaji yeyote kwanini anapaka grisi kwenye miguu ya stendi ya mzinga. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kukuonyesha kama kimeng'enya kiko hai au kimekufa, ambacho kwa mtu wa kidonda ndo swali lenyewe.

Kwanini nalivalia njuga hivi? Kwasababu ya vidonda vyetu na hizi antibayotiki. Dada mmoja nesi ninayemheshimu sana, anafanya kazi kwenye kliniki hapa mjini, aliniambia vidonda vingi vinavyofika kwake vinafika na unga. Mtu amekatwa na panga shambani au ameungua na muffler ya boda, anaenda duka la dawa ananunua kapsuli mbili tatu za rangi rangi, anazifungua anamwaga ule unga juu ya kidonda, hakuna dozi, hakuna daktari. Unga unagandamana na damu, usaha unajificha chini, na bakteria wanaobaki ni wale walioizoea ile dawa. Dunia nzima ina hilo tatizo, watafiti walioandika kwenye jarida la Lancet mwaka 2022 walikadiria watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa, na hali ni mbaya zaidi upande wetu wa Afrika kusini ya Sahara.

Asali ina kitu ambacho kapsuli haina. Antibayotiki nyingi zinampiga bakteria mahali pamoja, akibadilisha mahali hapo amepona na watoto wake wamepona. Asali inampiga kwa kumkausha, kwa asidi, kwa peroksaidi, na kuna asali ambazo watafiti wa Uholanzi mwaka 2010 walikuta ndani yake protini nyingine ya kinga ya nyuki mwenyewe inayoitwa defensini. Kukwepa vyote kwa mpigo ni ngumu mno, na ndo maana maabara zimejaribu asali kwa bakteria sugu, hata wale stafilokokasi wanaotisha mahospitalini, na wanakufa kama wengine.

Hapo mtu wa imani anaruka juu kwa furaha. Ngoja kwanza.

Kinachotokea kwenye sahani ya maabara na kinachotokea kwenye mguu wa mtu sio kimoja. Mwaka 2015 kundi la Cochrane, hawa kazi yao ni kukusanya tafiti zote za jambo moja na kuzipima kwa ukali, walikusanya majaribio 26 ya asali kwenye vidonda yaliyokuwa na watu 3011. Walichokuta ni kwamba vidonda vya kuungua ambavyo havikwenda chini sana vinapona haraka zaidi kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida, na vidonda vya operesheni vilivyoingia usaha navyo vinapona haraka kwa asali kuliko kwa antiseptiki na shashi. Huko kwingine, kidonda ndugu cha mguuni kinachokaa miaka, kidonda cha mtu wa kisukari, hawakupata ushahidi wa kutosha kusema inasaidia. Kwahiyo mwenye kisukari aliyeona kidonda kwenye unyayo asikae nyumbani na chupa ya asali, mguu unakatwa hivihivi, aende hospitali siku hiyohiyo. Na kuila asali haitibu kisukari, ni sukari, inapandisha sukari, basi.

Jambo lingine ni kwamba asali ya hospitali haitoki kwenye jerikeni. Asali ghafi inaua bakteria wengi lakini kuna mbegu za bakteria fulani haiziui, inazilaza tu, hasa za Clostridium, wale wanaokaa kwenye udongo na vumbi. Mtu mzima akila hazimfanyi kitu kwasababu tumbo lake limekomaa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja tumbo lake linaweza kuziacha ziamke, zikatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia, ni nadra lakini inaua. Najua huku kwetu mtoto mchanga akizaliwa analambishwa asali, kwa Waislamu tahniki tunaifanya kwa tende na wengine wanatumia asali, na makabila mengine nayo yana zao. Kwa heshima zote kwa mama zetu na bibi zetu, mpaka mtoto afikishe mwaka asali isipite mdomoni mwake, hata kwenye ncha ya kidole, na kuipika kwa sufuria haisaidii maana hizo mbegu zinavumilia maji yanayochemka.

Ndo maana asali ya hospitali inapitishwa kwenye mionzi ya gama. Ile mionzi inaua mbegu za bakteria bila joto, kwahiyo kimeng'enya kinabaki hai, inafungwa kwenye tyubu au inapakwa kabisa kwenye bandeji. Marekani waliruhusu bandeji za namna hiyo mwaka 2007, za Medihoney, na asali yake inatokana na miti ya jamii ya manuka ya New Zealand na Australia. Manuka ni habari nyingine. Kule New Zealand kulikuwa na profesa anaitwa Peter Molan, chuo kikuu cha Waikato, alikaa miaka mingi sana akipima asali na akaona ya manuka inaua bakteria hata ukiondoa peroksaidi yote. Mwaka 2008 timu ya Thomas Henle wa Dresden, Ujerumani, na watafiti wa New Zealand wakachapisha kwamba ni kwa sababu ya kitu kinaitwa methiliglioksali ambacho kwenye manuka ni kingi kupita kiasi, kinatokana na nekta ya ule mti. Hiki hakiharibiwi upesi kama kimeng'enya, na ni faida kubwa maana damu na nyama yetu ina kimeng'enya kingine, katalesi, kinachoivunja peroksaidi inapotokea. Leo chupa ndogo ya manuka inauzwa bei ambayo hapa unanunulia mbuzi.

Mimi siwaonei wivu, wale watu walipima asali yao. Walichukua kichaka ambacho wakulima wao walikiona magugu, wakakaa nacho maabara, wakakipa jina na thamani. Sisi West Nile tuna asali ya mti wa shea, Rwenzori wana ya kahawa na ya msitu wa mlimani, kule Bwindi kuna nyuki wadogo wasiouma ambao Batwa wanawajua kuliko profesa yeyote na asali yao ni nyepesi na chachu kuliko hii yetu. Tangu 2005 Uganda iko kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuuza asali Ulaya, TUNADO, chama cha wafuga nyuki wa Uganda, kinapigania soko kila siku, lakini tunauza kwa kilo, utamu kwa kilo, wakati tungeweza kuuza asali ambayo imepimwa nguvu yake ya kuua bakteria kwa kila msimu na kila aina ya maua. Hilo linaniuma kweli. Na wakati tunachelewa ile miti yenyewe inageuka mkaa, shea unaochukua miaka mingi mpaka kuanza kuzaa unaangushwa asubuhi moja. Mwezi wa Mei 2023 rais alitoa amri ya kusimamisha biashara ya mkaa huku kaskazini, lakini malori ya usiku watu bado wanayaongelea.

Kwahiyo nifanye nini na asali niliyonayo nyumbani? Swali zuri, na jibu langu ni la kati. Mwaka jana mtoto wa jirani alimwagikiwa na chai ya moto mkononi, mama yake akatoka mbio na chupa ya asali. Tulimshika ule mkono tukauweka chini ya maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 nzima, mtoto analia na mama analia, alafu tukaufunika na kitambaa safi tukaenda kliniki. Yule dada nesi alisema neno ambalo nimelibeba mpaka leo, "Ndugu yangu mimi asali siikatai, naikataa ile ambayo sijui ilichotwa na kikombe gani." Maji kwanza, kliniki inafuata, na asali ya jerikeni isikae kwenye kidonda kilichofunguka. Kwa mchubuko mdogo au ufa wa kisigino wengi wataendelea kupaka na siwezi kuwazuia, ila basi iwe asali ya kwenye sega lililozibwa na nta, iliyochujwa kwa kitambaa safi bila kupashwa moto, na chombo chake kisichovyewe vijiko vya chai.

Kwa kikohozi hapo nina furaha zaidi. Mwaka 2007 kule Pennsylvania walijaribu kwa watoto 105 wenye kikohozi cha usiku, waliopewa asali kabla ya kulala walilala vizuri zaidi kuliko ambao hawakupewa kitu, na Uingereza tangu 2018 mwongozo wa madaktari wao unasema kikohozi cha kawaida kianze na asali kabla ya kukimbilia antibayotiki. Hapa hata iliyopikwa inafaa, kwasababu kazi kubwa ni kulainisha koo, kimeng'enya hakihitajiki sana, kwahiyo chai yako ya tangawizi na asali endelea nayo. Kikipita wiki mbili au kikija na damu hiyo sio kazi ya asali, nenda upimwe kifua kikuu.

Ukienda sokoni muulize Hajati anayeuza asali maswali matatu, imetoka wapi, imerinwa mwezi gani, na ilipita kwenye moto au hapana. Usimuulize kwa ukali, wengi watakuambia ukweli kwasababu hawaoni aibu kuipika, wanadhani ndo unavyotaka. Mwambie unataka isiyopikwa na kwamba ikiganda hutamrudishia, na umuongezee pesa maana kuichuja bila moto ni kazi ya siku nzima na zaidi, inakaa kwenye ndoo mpaka nta na mapovu vipande juu vyenyewe. Ikiwa nyepesi sana na ina harufu ya pombe hiyo ilirinwa kabla sega halijazibwa, maji yake ni mengi, kiwango cha kimataifa hakitaki yazidi asilimia 20, iache. Ukiifikisha nyumbani iweke kabatini gizani na mfuniko uufunge vizuri, asali inavuta unyevu wa hewani na msimu wa mvua huku kwetu unajua ulivyo.